Nyota Katika Salon ya Mama Honorine

Pioshi ya Sadrack, sururu yake ya kuchimbia, imekaa hewani tangu tulipoachana, na mkono wa mtu ukichoka hauulizi gazeti linatoka lini. Tumshushie, asije akapata ugonjwa wa bega.

Ila wewe uliyefika leo, sogea, pata pa kusimama. Hapa ni Kapata, nje kidogo ya Kolwezi, kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa zamani zilizojipanga kama meno ya kitana. Ni alasiri. Ndani ya salon, yaani sebule, ya Mama Honorine, mjane, koo mbili zimekutana kwa mahari ya binti yake, Princesse. Umeme umekatika, kama desturi yake panapo sherehe. Pazia zimefungwa kwa sababu ya watoto wa jirani wanaochungulia kuku. Kwa hiyo mpiga picha Stany amelazimika kutumia flash.

Flash ikawaka, pa! Stany akaigeuza kamera yake, ile ndogo ya rangi ya fedha inayoingia mfuko wa shati, akabonyeza kitufe cha kutazama. Kwenye kioo watu wote walikuwapo, wamekaza shingo. Lakini kwenye zulia, miguuni pao, palikuwa na duara nyeupe zimetapakaa, zinang'aa kama nyota.

Sadrack, mtoto wa kwanza wa mama, mchimbaji tangu ndevu hazijaamua kuota, aliangalia mara moja tu.

"Kobalti!" akapiga kelele. "Iko chini ya salon yetu!"

Akakimbia uani, akarudi na pioshi, akaiinua juu ya kichwa. Na mama yake, katika kitenge ambacho hakijafuliwa hata mara moja, akaketi chini palepale, katikati ya nyota.

"Piga," alisema. "Utaanza na mi."

Na pioshi, jamani, ikashuka.

Wenye moyo mwepesi walifumba macho. Wenye moyo mgumu walifumba moja. Kilichoshuka kilikuwa mpini peke yake! Kichwa cha chuma kilikuwa kimeuaga mpini njiani. Kiliruka juu ya wakwe, kikaisalimu kofia ya Tata Kabemba mpaka ikadondoka, kikazunguka salon kikitafuta mahali pa heshima, kisha kikatua, pwaa, ndani ya beseni la sombe.

Yale majani ya mhogo yaliyopikwa kwa mawese tangu asubuhi yakaruka. Tata Kabemba, mjomba wa bwana arusi na msemaji wa ukoo wake, aliyapokea yote kifuani.

"Leza wangu, ee Mungu! Shati ya kuazima!"

"Pole, tata," Princesse akasema, akileta kitambaa.

"Acha pole! Leta bukari, nikule ile iko mu kifua!" akasema, maana sombe bila bukari, ugali wetu, haishuki.

Sadrack hakucheka. Aliuchunguza mpini wake, akautikisa, akatikisa kichwa.

"Mupini imekauka. Bon. Naitia mu maji. Ikinywa, itavimba. Ikivimba, narudi."

Akaenda uani, akauzamisha mpini katika ndoo, akasimama kando yake kama mtu anayenywesha ng'ombe.

Basi hapo ndipo Mama Honorine alipopata muda: muda wa mpini kunywa maji.

"We, Stany," akaita, bado yuko chini. "We njo ulileta hii moto mu nyumba yangu. Uizime." (Njo ya huku ni ndiyo ya kwenu.)

Stany akaitazama kamera yake. Alijua makosa yameanzia wapi. Asubuhi, langoni, vijana wa ukoo walimcheka: "Tata Stany, ungali na kamera? Shiye bote tuko na simu!" Naye kwa uchungu akawajibu: "Simu inaona paka ngozi, ngozi tu. Flash ya hii inaingia mpaka mu mifupa." Neno la kujitetea tu, la mtu ambaye simu zimemla kazi. Lakini Sadrack alilimeza zima, bila kutafuna.

"Mama," Stany akanong'ona, akichuchumaa, "nikisema kweli hapa, batanicheka mpaka Musonoi."

"Dada yangu wa Kasulo unamujua?"

Alimjua. Nani asiyemjua? Dada yake Mama Honorine aliruhusu shimo moja tu, chumbani, chini ya kitanda. Shimo likaomba jikoni. Likapewa jikoni. Likaomba ukuta wa kati, likapewa. Mwisho halikuomba tena, likachukua lenyewe. Leo yule mama analala kwa watu, na mahali palipokuwa nyumba yake mbuzi wanapita kwa tahadhari.

"Nyumba hii marehemu aliniachia ni hii moja," Mama Honorine akasema. "Haiko na ndugu. Sema kweli."

Stany akasimama, akajikohoza.

"Batu bakubwa! Ile munaona mu foto haiko madini. Ni vumbi."

Salon nzima ikatazama zulia. Hata kuku kwenye sahani, nadhani, alinyoosha shingo.

"Flash iko karibu sana na jicho ya kamera," Stany akaendelea, akionyesha kwa kidole. "Vumbi kidogo ikipita hapa mbele, inapata mwanga yote, inaonekana mukubwa, ya mviringo, nyeupe. Njo ile tu. Ni vumbi ya hii salon."

Aligeuka kwa Mama Honorine akitarajia shukrani.

Mama Honorine alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumwa na nge.

"Vumbi mu salon ya nani?"

"Mama, nasema..."

"Ya nani, Stany?"

Hapa msomaji lazima amtazame Tantine Adèle, aliyeketi karibu na kabati la vyombo. Huyu ni shangazi wa bwana arusi, dada yake Tata Kabemba, na hakuja kula. Shangazi huja kuangalia binti amelelewa wapi. Alipoingia tu, kabla ya kusalimu, alipitisha kidole kimoja juu ya kabati, akakigeuza, akakitazama, akakirudisha mkobani bila kusema neno. Mama Honorine aliona. Wanawake wote waliona. Kwa ajili ya kidole kile alikuwa ameamka kabla ya jogoo, akapiga deki, akanyunyiza ua, akapangusa maua ya plastiki petali kwa petali.

Na sasa huyu mpiga picha, mbele ya kidole kile, anatangaza vumbi!

Mama Honorine alimvuta Stany pembeni kwa mkanda wa kamera, kamba ikamkaba shingo.

"Unataka kuniua?"

"Mama, vumbi njo itaokoa nyumba."

"Na mutoto yangu, nani atamuokoa? Batarudia kwabo na kusema: mama yake hajue kufagia. Princesse atabeba ile jina mpaka akuwe nkambo wa bajukuu. Tafuta kweli ingine."

"Kweli iko moja, mama."

"We ni mutu wa kusema bongo, kudanganya batu, tangu zamani. Leo njo unakosa?"

Stany akajaribu njia nyingine. Alibonyeza kile kitufe chenye alama ya radi mpaka radi ikapigwa mstari: flash imezimwa. Akapiga picha ileile, mahali palepale, watu walewale. Kwa kuwa salon ilikuwa na giza, kamera ilifungua jicho lake polepole kama mtu anayeamka, na picha ikatoka imetikisika. Tata Kabemba alikuwa na pua mbili na zote zilikuwa na sombe. Lakini nyota? Hakuna hata moja.

"Munaona!" Stany akashangilia. "Bila flash, hakuna kitu. Ingekuwa madini, ingebakia."

Sadrack aliingia kutoka ndooni, mikono inadondoka maji. Akaichukua kamera, akatazama, akabonyeza mshale wa nyuma, picha yenye nyota. Mshale wa mbele, picha isiyo na nyota. Nyuma. Mbele. Macho yakazidi kupanuka.

"Tata Stany, weye ni mutu wa maana," akasema kwa heshima ya kweli. "Bila mwanga, madini inajificha. Na mwanga, inatoka. Ata mu galerie, mu shimo kule chini, iko vile vile! Ukizima taa ya kichwa, unaona nini?"

"Hakuna kitu," wakajibu wakwe kwa pamoja.

"Ukiwasha?"

"Madini!"

Stany akaona afadhali akafanye jaribio mbali na zulia lile. Kulikuwa na ujia mwembamba unaokwenda vyumbani. Akarudisha flash, akapiga picha ya ujia. Duara nyeupe tena, tena zaidi.

"Ni vile nilisema! Iko kila mahali. Vumbi iko kila mahali!"

"Filon inaenda mpaka ku chambre!" Sadrack akanguruma.

Tata Kabemba alikuwa ameshatoa chaki mfukoni. Usiniulize mjomba wa bwana arusi anakwenda kwenye mahari na chaki ya nini. Akapiga magoti, akaichora filon hiyo, yaani mshipa wa madini, kuanzia zulia, ukapita chini ya kabati, ukaingia ujia, ukapinda kuelekea kitanda cha mjane.

"Ongeza ile ya kati," akamwamuru Stany. "Ongeza, tuone sura yake."

Stany akabonyeza alama ya kioo cha kukuza. Duara moja ikajaa kioo kizima, nyeupe, na mviringo ndani ya mviringo.

"Hii mukubwa ni kobalti," Tata Kabemba akafundisha, ingawa maisha yake yote aliuza viatu. "Bile bidogo bya pembeni ni shaba. Bon. Shiye sasa ni famille moja. Ile mbuzi tulileta, mubakie naye, hatutaki maneno. Lakini shimo ya bako yangu, ya mukwe, njo shimo yangu. Ezéchiel atachimba upande wa kabati, Sadrack upande wa mulango."

Ezéchiel ni bwana arusi mwenyewe. Siku ya mahari bwana arusi hasemi. Anaketi tu kama mzigo uliopokelewa. Lakini maskini aliinua kidole kama darasani.

"Tata, mi nataka paka Princesse."

"Nyamaza! Bakubwa beko banachimba."

Princesse naye akafungua kinywa, akapewa jicho na Tantine Adèle, akakifunga.

Stany aliona mambo yanakwenda shimoni, na kwa Kolwezi hilo si mfano wa maneno. Akajitenga karibu na dirisha. Kidole chake kikatambaa mpaka kwenye alama ya pipa la takataka. Kamera ikamuuliza kama kweli anataka kufuta picha. Kamera, kwa ustaarabu wake, huuliza. Kidole kikashuka kwenye ndiyo...

Mkono wenye maji ukamkamata kifundo cha mkono.

"Unafuta nini?" Sadrack akauliza taratibu.

"Napangusa kioo."

"Unafuta mali ya famille yetu?"

"Sadrack, mwana yangu, sikia..."

"Unataka kurudi kesho peke yako! Njo maana unasema vumbi, vumbi!"

Wakwe wakanguruma. Mpiga picha amegeuka mwizi! Kamera ikanyakuliwa, mkanda ukamkwaruza Stany sikio, na Sadrack akaivaa shingoni mwake kama medali. Kisha akatoka uani, akautoa mpini majini. Ulikuwa umevimba vizuri. Akakitoa kichwa cha pioshi katika beseni, akakipangusa sombe kwa jani la mgomba, akakipachika, akakikaza. Safari hii hakikucheza.

Huku kwetu shimo halina hati. Lina mwenye kupiga wa kwanza. Pigo moja tu likitoboa sima, saruji ya sakafu, hapo ni mgodi, na nyumba inakuwa kitu kilichosimama juu ya mgodi kwa muda.

Sadrack akarudi, akapanua miguu juu ya alama ya chaki.

"Mama, sogea. Nitakujengea ingine, ya etaje, nyumba juu ya nyumba."

"Dada yangu pia alijengewa ya etaje. Mu kinywa."

"Mama, sogea."

Mama Honorine hakusogea, lakini safari hii hakuketi. Alimwangalia mwanawe. Akaangalia kuta, rangi yake ya kijani ambayo marehemu aliipaka kwa mkono wake na kuacha alama za brashi. Kisha akageuka, akamwangalia Tantine Adèle, na kile kidole chake kilicholala juu ya mkoba.

Akakaza kitenge kiunoni.

"Tantine Adèle. Na bako yangu bote. Niko na neno."

Pioshi ikasubiri.

"Nyumba yangu iko na vumbi."

Princesse akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa.

"Mama, hapana!"

"Nyamaza, niseme. Iko chini ya zulia. Asubuhi nilifagia mbele, ya nyuma nikaisukuma na muguu. Nyuma ya kabati iko ya tangu Pasaka. Bile bifoteyi munakalia, nilipangusa mikono yabyo, tumbo yabyo sikugusa. Fleur ya plastiki, nilisafisha upande ule munaona." Sauti yake ikatetemeka, akaikaza nayo kama kitenge. "Ni vumbi, Sadrack. Ni vumbi ya mama yako. Utachimba vumbi ya mama yako?"

Mama Honorine akanyakua mto wa kiti ambacho Tata Kabemba alikuwa amekalia, akaupiga kwa kiganja. Puu! Akaupiga tena. Puu! Wingu likapanda. Siwadanganyi, wingu lile lilipanda mpaka jogoo wa jirani akadhani kumeshakuchwa, akaingia bandani.

"Mupe Stany kamera yake! Stany, piga! Piga juu, piga mbele, piga mahali unataka!"

Stany akaivua shingoni mwa Sadrack, akaielekeza. Taa ndogo ya rangi ya machungwa ikapepesa: flash ilikuwa inakusanya nguvu. Watu wanakohoa, taa inapepesa. Mama anapiga mto, taa inapepesa.

"Njo nini?"

"Inajaza nguvu, mama! Inakuya!"

Pa!

Wote wakajazana kwenye kioo, vichwa vikagongana. Na humo, jamani, nyota zilikuwa zimeiba salon nzima. Zilijaa darini. Zilimzunguka Ezéchiel kama malaika wa kalenda. Moja ilikuwa mbele ya mdomo wa Tantine Adèle, ukadhani anapuliza puto. Na juu ya kipara cha Tata Kabemba zilikuwa zimefanya mkutano.

Tata Kabemba akajishika kichwa.

"Ata mu kichwa yangu iko madini?"

"Mu kichwa yako?" Tantine Adèle akasema, neno lake la kwanza tangu aingie. "Mi nakujua tangu unatambaa. Hakuna kitu."

Kicheko kikaanza pembeni, kikazuiwa. Kila mtu alikuwa anamtazama Sadrack.

Sadrack hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anamtazama mama yake, mkono wake juu ya ule mto, vumbi kwenye nyusi.

"Siku papa alilala hapa, mu hii salon, batu wa matanga bamejaa," akasema polepole, "mama alikuwa anafagia katikati ya miguu yabo. Batu bakamuambia: acha, Honorine, lia kwanza. Akasema: nalia na nafagia." Akashusha pioshi. "Mama yangu akisema mbele ya bako kama nyumba yake iko na vumbi... basi ni vumbi. Ata mutu apigwe, hawezi kusema bongo ya vile."

Akailaza pioshi chini, taratibu, kana kwamba inalala usingizi.

Nyumba imepona! Lakini arusi? Maana sasa macho yote yalihamia kwenye kile kidole. Tantine Adèle aliinuka. Akaenda mpaka mbele ya Mama Honorine. Princesse alikuwa ameuficha uso kwenye bega la Ezéchiel, jambo lisiloruhusiwa kabla ya kinywaji cha kufunga maneno, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumkemea.

"Wakati niliingia, nilipitisha kidole ku kabati," Tantine Adèle akasema.

"Nilikuona."

"Nilikuwa natafuta vumbi, nipate neno ya kusema. Kila shangazi anatafuta neno ya kusema. Sikuona. Nilikasirika mpaka tumbo inauma."

Mama Honorine akapepesa macho.

"Mwanamuke ule anajua kufagia mpaka mi nakosa neno, na kisha anajitukana mbele ya batu juu ya nyumba yake..." Tantine Adèle akatikisa kichwa. Mara akakivua kitambaa chake kikubwa cha kichwani, kile chenye dhahabu, akakipiga hewani kama anafukuza nyuki. Vumbi jekundu la barabara ya Musonoi likamwagika. "Nilikuya na taximoto! Mi mwenyewe niko mugodi! Stany, piga na mi!"

Pa! Nyota!

Basi ikawa sherehe. Mjomba akapiga koti lake, pa! Ezéchiel akapiga suruali, pa! Kila aliyepigwa picha alikimbilia kioo kuhesabiwa nyota zake, na waliopata chache walirudi uani kujigaragaza. Stany hakuwa amepata wateja namna ile tangu simu ziingie Kapata. Alitazama alama ya betri kwa hofu na mfuko wake kwa matumaini.

Hata zulia likatolewa nje likapigwe fimbo mbele ya watu wote, bila siri tena. Sima ikabaki wazi, kijivu, nzima, haina hata ufa. Mama Honorine akaikanyaga kwa kisigino.

"Salon yangu!" akaimba. Akakanyaga tena, akageuka, kiuno kikaitikia. "Nyumba yangu!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Tantine Adèle akaingia naye uwanjani, wakacheza wawili, kisigino kwa kisigino.

Wakasimama ghafla, wote wawili.

Kisigino kilikuwa kimetua. Lakini sima ilikuwa bado inacheza.

Du.

Glasi za kabatini zikagusana.

Du. Du.

"Ni nani anakanyaga?" Tata Kabemba akauliza.

Hakuna aliyekuwa anakanyaga. Sadrack alishajilaza, sikio juu ya sima, macho kwenye kitu ambacho hakikuwapo mle ndani.

"Mama, toka hapo," akasema kwa kunong'ona. "Iko pioshi. Iko chini yetu. Na haiko moja."

Ufa ukatokea karibu na mguu wa kabati. Ulikimbia kama mjusi, ukapita alama ya chaki ya mjomba, ukajikunja. Kipande cha sima, upana wa sinia, kikazama polepole kisha kikatoweka. Tukasikia kikianguka. Kilichukua muda kufika.

Kutoka shimoni mwale wa taa ya kichwa ukapanda, ukachora duara nyeupe darini. Sauti ya mwanamume, nzito, yenye adabu, ikapanda nyuma yake:

"Ee, batu ya juu! Pardon. Hapa njo kwa nani?"

Mama Honorine alijilaza kwa tumbo katika kitenge chake kipya, akatambaa mpaka ukingoni.

"Stany," akasema bila kugeuka. "Flash iko tayari?"

Taa ya machungwa ilikuwa imetulia. "Iko tayari, mama."

"Piga mu shimo."

Stany akalala kando yake, akaingiza mkono wote mpaka begani, kamera ikiangalia chini.

Pa!

Chini watu wakapiga mayowe ya kupofuka. Stany akautoa mkono, akabonyeza kitufe cha kutazama, na vichwa vyote vya koo mbili vikainama juu ya kioo kidogo kuliko kiganja.

Nyota zilikuwapo, za vumbi, sasa hakuna aliyezijali. Nyuma yake kulikuwa na handaki, refu, safi, limeegemezwa na magogo, linatoka upande wa barabara na kuja moja kwa moja chini ya salon. Na watu wamepanga mstari, pioshi mabegani, mpaka pale mwanga ulipoishia. Wa mbele kabisa alikuwa mnene, ameinua kiganja kukinga macho, amechelewa kidogo. Uso wake wote ulionekana.

"Ongeza," Mama Honorine akaamuru.

Stany akaongeza. Uso ukajaa kioo.

Tantine Adèle ndiye aliyepiga ukelele, na ukelele ule ulisikika mpaka kwa wapiga zulia nje.

"Ule ni bwana yangu! Aliniambia eko Likasi, ku matanga!"

Chini, pioshi moja ikaanguka.

Kisha ile taa ya kichwa ikazimwa.